Kutoka Bukavu hadi Nyanza: jumba la mwami na siku chache za mapumziko

Jumapili

Boti ya Goma ilitufikisha Bukavu alasiri. Ni Julai 2019, kiangazi kimekolea, na vumbi limetanda juu ya Ziwa Kivu hata milima ya Rwanda ng'ambo inaonekana kwa shida. Dada yangu alikuwa bandarini pamoja na mwanawe wa pili. Mwanawe wa kwanza anaoa Jumamosi, na hiyo ndiyo sababu ya safari yangu yote kutoka Lubumbashi. Mimi ni mjomba wa bwana harusi, na mjomba haji siku ya ndoa kukaa kwenye kiti na kula. Ijumaa asubuhi ndoa ya serikali inafungwa komini, na mahali pangu ni pale mbele. Muda wangu wa kutembea unaishia Alhamisi usiku.

Daftari langu lina majina manne: gorila wa Kahuzi-Biega, kituo cha Lwiro, kisiwa cha Idjwi, na jumba la wafalme wa Rwanda pale Nyanza. Yote manne hayaingii. Matatu ya kwanza hakuna aliyeyapinga mezani. La nne lilizua maneno kabla ya sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, kwisha kwenye sahani.

Shemeji, ambaye amevuka mpaka mara nyingi kwa biashara zake, alianza kuhesabu kwa vidole. Kamembe hadi Huye ni karibu kilomita 150, karibu zote kona tupu, na sehemu kubwa ni ndani ya msitu wa Nyungwe. Kutoka Huye hadi Nyanza kuna kama 40 nyingine. "Shemeji, utapita siku nzima ndani ya basi juu ya kuona nyumba ya majani. Lwiro iko hapa karibu. Ukitaka nyumba kubwa ya zamani, ile iko nyumba kubwa."

Mama yake alikuwa na hoja nzito zaidi. Yeye ni Mushi wa Kabare, yaani mmoja wa Bashi, wenyeji wa huku Bukavu, tena mzee, na anapozungumza wengine huweka vijiko chini. "Rwabugiri alikuja kutupiga sisi Bashi. Alikufa akiwa katika vita yetu. Sasa weye unaenda kutoa franga juu ya kuona nyumba ya wajukuu wake?"

Bibi hakubuni neno. Mwami, yaani mfalme wa Rwanda, Kigeli IV Rwabugiri aliiteka Idjwi, akaishambulia Bushi, nchi ya Bashi, mara kwa mara, na mwaka 1895 alifariki akiwa katika safari nyingine ya vita dhidi ya watu hawa hawa ninaokula nao leo. Katika nyumba hii jambo hilo halijazeeka.

Niliwaeleza sababu yangu. Mimi nimezaliwa Moba, kwenye pwani ya Tanganyika. Utotoni wazee wetu walituambia kwamba zamani Wabelgiji walileta mfalme wa Rwanda akaishi kwetu mpaka akafa. Baadaye nikasoma jina lake: Yuhi V Musinga, mtoto wa Rwabugiri. Wabelgiji walimvua ufalme Novemba 1931 na kumweka Kamembe, hapa hapa ng'ambo ya Bukavu. Mwaka 1940 wakamhamishia Moba, wakati huo ikiitwa Baudouinville, na huko akafariki mwaka 1944. Nimejua mwisho wa hadithi hiyo tangu nikiwa mtoto. Mahali ilipoanzia sijawahi kupaona, na sasa niko karibu napo kuliko nilivyowahi kuwa maishani.

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lala kwanza. Kesho utajua."

Jumatatu

Tuliondoka mapema kwenda Tshivanga, mimi na mpwa wangu, kwa gari la rafiki wa shemeji. Barabara inafuata ziwa kuelekea Kavumu, halafu pale Miti inaacha ziwa na kupanda. Hakuna aliyehitaji kunishawishi kuhusu siku hii. Kahuzi-Biega ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, na kazi hiyo ilisukumwa na Adrien Deschryver. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Gorila wa hapa ni wale wa mashariki wa nyanda za chini, wakubwa kuliko gorila wote, na hawapatikani nje ya Kongo. Mtu akija Bukavu na nafasi moja tu ya kutoka mjini, aitumie hapa. Hilo nalisema bila kupepesa.

Walinzi walitupa barakoa, wakatueleza kukaa mbali na kutozidi saa moja tukishawapata. Wapagazi wa njia, yaani wale wanaokata mimea kwa panga, walitangulia. Tulitembea katika mianzi, kisha katika kichaka kilichotushika miguu, mpaka tukasikia matawi yanavunjika. Dume mwenye mgongo wa fedha alikuwa amekaa akila, akavuta tawi lote kwa mkono mmoja, akalichambua majani taratibu. Hakututazama. Mtoto mmoja alitaka kutusogelea, mama yake akamrudisha kwa kumshika mguu. Mpwa wangu amezaliwa saa moja na nusu kutoka hapa na hakuwahi kufika. Aliporudi garini hakusema neno mpaka Miti.

Kwa kuwa tulikuwa upande huo, tuliendelea hadi Lwiro, na Lwiro ikatoka kwenye daftari bila kunigharimu siku nyingine. Wabelgiji waliweka hapa taasisi yao ya utafiti, IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, na leo ni kituo cha Kongo cha sayansi ya asili. Shemeji alisema kweli, ni nyumba kubwa: matao, bustani, maktaba yenye kimya chake, mandhari ya ziwa kwa mbali. Jirani kuna kituo cha kulea sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji, kilichoanza mwaka 2002. Nilifurahi kuiona. Lakini nilipokuwa nikitembea chini ya matao yale nilitambua kwamba ukubwa wa nyumba si kitu ninachokitafuta. Lwiro ilijengwa na watu waliokuja kupima nchi. Mimi nataka kuona nyumba ya mtu aliyeondolewa nchini mwake.

Jumanne

Asubuhi ilikuwa ya dada yangu. Tulishuka Kadutu kumalizia vitenge vya sare ya familia, na soko la Kadutu halina haraka ya mtu. Dada alipinga bei, akaondoka, akaitwa, akarudi. Nilibeba mizigo. Wakati akisubiri fundi apime, nilikaa kwenye benchi nikaandika saa za safari ya Nyanza, maana mjadala wa Jumapili ulikuwa na dosari moja: tulikuwa tukibishana kama inafaa au haifai, na hakuna aliyekuwa ameuliza kama inawezekana kwa siku moja.

Mpaka wa Ruzizi ukifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na mambo yakaenda vizuri, basi la Kamembe linaondoka kama saa moja. Huye ni saa tano, na zaidi kama kuna malori msituni. Nyanza ni saa sita au saa saba mchana. Ili kurudi kabla mpaka haujafungwa, unatakiwa kuondoka Nyanza karibu mara unapofika. Yaani unasafiri siku nzima ili ukae jumbani muda wa kunywa chai. Kwa mpango huo shemeji ameshinda, na mtu yeyote anayelala Bukavu akiuliza kuhusu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa basi, nitamjibu abaki nyumbani aende Idjwi.

Lakini ukilala Huye mambo yanageuka. Unapata mchana wote Nyanza, usiku Huye, na asubuhi yake jumba la makumbusho la Huye limo njiani. Unarudi Bukavu Alhamisi jioni. Bei yake ni Idjwi. Kisiwa kizima kwa jumba moja. Niliwaza sana juu ya hilo, kwa sababu Idjwi ningeiona pamoja na dada yangu, na dada yangu simwoni mara nyingi.

Nilimweleza waziwazi pale pale kwa fundi. Alinitazama. "Idjwi haihami. Na mimi sihami. Nenda, lakini mpeleke mtoto. Asikae hapa kunisumbua na muziki wake." Kisha akaongeza, bila kunitazama tena: "Na wewe ukifika kule, uwaambie kwamba Moba tunamkumbuka mtu wao."

Jumatano

Tulikuwa Ruzizi ya Kwanza kabla ya jua. Mto unatoka ziwani hapo hapo Bukavu, mwembamba na wa kijani, na daraja linavuka juu yake. Mwaka huu kuna Ebola upande wa Kivu, kwa hiyo kabla ya karatasi yoyote unanawa mikono kwenye ndoo za klorini na unapimwa joto la mwili. Wamama wenye mabeseni ya mboga walikuwa wengi kuliko sisi wasafiri, na wote walijua foleni yao. Mpwa ana kadi ya CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi, mimi nina pasipoti. Dada alikuwa ametufungia viazi vitamu na samaki ndani ya sashe ya plastiki. Rwanda imekataza mifuko hiyo tangu mwaka 2008, basi tukahamishia chakula kwenye kitenge upande wetu wa daraja, na sashe tukaiacha Kongo.

Kamembe iko juu kidogo ya mpaka. Wengi wanazungumza Kiswahili, maana soko lao na la Bukavu ni kama soko moja. Basi lilikuwa halijajaa, nikapata nafasi ya kutembea dakika chache. Hapa ndipo Musinga alipokaa tangu mwishoni mwa 1931. Mama yake, Kanjogera, aliyekuwa amemsimamia tangu alipotawazwa akiwa kijana mdogo baada ya mapinduzi ya Rucunshu ya 1896, alimfuata huku na akafariki mwaka 1933. Nilisimama mahali ambapo Bukavu inaonekana yote, rasi zake tano zimeingia majini. Kwa miaka karibu tisa mfalme huyu aliitazama Kongo kila siku kabla ya kupelekwa ndani yake.

Kwa nini walimwondoa? Kila mtu niliyemsoma anakubaliana juu ya msingi wake: hakutaka kubatizwa, hakutaka kuachia madaraka ya jadi, na utawala wa Kibelgiji ulimwona kikwazo. Askofu Léon Classe aliunga mkono aondolewe. Gavana Charles Voisin akaja Nyanza, na katika siku chache za Novemba baba akaondolewa, naye mtoto wake, Rudahigwa, akatawazwa kuwa Mutara III.

Basi liliondoka saa moja na robo. Baada ya mashamba ya chai ya Gisakura barabara inaingia Nyungwe, na kwa muda mrefu hakuna nyumba, ni miti tu, na mabonde ambayo chini yake huoni. Tumbili weusi wenye manyoya meupe mabegani walikuwa wamekaa ukingoni mwa lami. Abiria wengi walilala. Mimi sikuweza kulala kwa sababu ya mgongo wa maji: kuna mahali katika msitu huu ambapo mvua ikinyesha upande mmoja inakwenda Nile, na ikinyesha upande mwingine inakwenda Kongo. Nilimwonyesha mpwa wangu kwenye ramani ya simu. Maji ya Kivu yanashuka kwa Ruzizi hadi Tanganyika. Yanapita mbele ya Moba yetu, au yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaungana na Lualaba na kuwa mto Kongo. Aliuliza, "Kwa hiyo walimfuatisha maji?" Nilimwambia ndiyo, kutoka Kamembe hadi Moba njia ya Musinga ilifuata maji hayo hayo.

Huye tulifika saa tano na nusu, tukaacha mifuko kwenye nyumba ya wageni ya masista, tukapanda basi dogo la Nyanza. Kutoka mjini hadi Rukari, mahali penye jumba, tulichukua pikipiki, kila mmoja na kofia yake ngumu kichwani kama sheria yao inavyotaka.

Sasa nieleze jumba lenyewe, kwa sababu shemeji atasoma hapa.

Ni kweli, ni nyumba ya majani. Imejengwa upya kwa mtindo wa karne ya 19: duara kubwa lililoezekwa kuanzia kileleni karibu hadi ardhini, ndani ya ua wa miti. Ukiinama kuingia, macho yanahitaji muda. Halafu unaanza kuona kazi ya mikono: mikeka, kuta za matete zilizofumwa kwa michoro, nguzo, kitanda cha mfalme nyuma ya pazia la ufumaji. Mwongozo wetu, kijana wa Nyanza mwenye Kiswahili kizuri, hakukimbia. Alituambia kwamba wafalme wa zamani hawakuwa na mji mkuu mmoja. Mwami alihama, akajenga, akahama tena. Musinga ndiye aliyetulia Nyanza mwaka 1899. Nilimsimamisha hapo. Kwa hiyo mfalme wa kwanza kukaa mahali pamoja ndiye aliyeng'olewa hapo alipokaa? Akasema ndiyo.

Nyuma ya nyumba kubwa kuna vibanda viwili vidogo, kimoja cha maziwa na kimoja cha pombe. Cha maziwa kilitunzwa na msichana ambaye hajaolewa. Mpwa wangu aliuliza maswali mengi kwenye kibanda cha pombe, jinsi ilivyopikwa kwa ndizi na mtama, nani alionja kwanza. Kwao Kabare kasiksi inapikwa bado, na alitaka kujua kama ni jambo moja. Walijadiliana yeye na mwongozo kwa muda, vijana wawili wa pande mbili za ziwa, juu ya ndizi gani inafaa na zinaiva siku ngapi shimoni. Niliwaacha.

Kisha ng'ombe. Inyambo wanatunzwa hapo hapo nyuma ya ua, wazao wa kundi la mfalme, na pembe zao zinapanda juu na kufunguka kwa upana ambao picha haiwezi kukuandaa. Wengine wamevishwa shanga kwenye paji la uso. Mchungaji anawaimbia kwa sauti ya chini, na wanageuka kumfuata. Bashi ni watu wa ng'ombe. Mpwa wangu, ambaye nyumbani hutazama simu tu, alimuuliza mchungaji jina la kila mmoja na mama yake ni yupi. Aliniomba tusiondoke upesi. Ningekuwa na ratiba ya kurudi siku hiyo hiyo, ningemkatalia.

Jumba la pili, la matofali, Rudahigwa alijengewa mwaka 1932. Lina veranda, sebule, ofisi, vyumba vya kulala. Ni nyumba ya heshima ya enzi ya Wabelgiji, ya aina ambayo Bukavu ya zamani inazo nyingi, hata Lubumbashi tunazo. Mtu anayetafuta fahari atatoka hapo amepungukiwa, na asifichwe hilo. Kinachoipa uzito ni kilichotendeka kwa waliokaa ndani. Rudahigwa aliwekwa na Wabelgiji kuchukua nafasi ya baba yake. Akabatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Ilionekana wamepata mtu wao. Lakini mwaka 1954 alifuta ubuhake, ule mfumo wa mtu kumtumikia mwenye ng'ombe, na miaka iliyofuata akawa anadai uhuru. Tarehe 25 Julai 1959 akafariki ghafla Bujumbura, baada ya kumwona daktari. Kwenye kilima cha Rwesero kinachotazamana na hapo alikuwa amejengewa jumba jipya. Hakuwahi kuhamia.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mwongozo alikuwa amemaliza, watalii waliokuja kwa gari kutoka Kigali walikuwa wameondoka. Nilimwambia nimetoka Moba.

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Moba kabisa?"

"Nimezaliwa huko."

Akasema basi tusiende kabla ya kufika Mwima.

Mwima ni kilima cha jirani, dakika chache kwa pikipiki, na sijakutana na mtu Bukavu aliyekitaja. Kuna makaburi matatu. Rudahigwa amelala hapo. Mke wake, malkia Rosalie Gicanda, aliyeuawa Huye tarehe 20 Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari akiwa mama mzee, amelala hapo. Na wa tatu ni Kigeli V Ndahindurwa, mfalme wa mwisho, aliyefariki Marekani Oktoba 2016 baada ya maisha marefu ya uhamishoni na kuzikwa hapa Januari 2017.

Musinga hayumo. Nilijua hayumo. Nilichokuwa sikijui ni habari ya huyu wa tatu. Ndahindurwa alikuwa mtoto wa Musinga, ndugu yake Rudahigwa kwa baba. Alizaliwa Kamembe mwaka 1936, ndani ya uhamisho. Wabelgiji walipomhamisha baba yake mwaka 1940, mtoto huyo wa miaka minne alikwenda naye Moba, na alirudi Rwanda baada ya baba kufariki. Alijifunza kutembea na kusema akiitazama Bukavu ng'ambo ya maji, na akakua akioga katika ziwa letu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana Moba miaka hiyo. Inawezekana kabisa walikutana njiani.

Nilikaa pale. Sikuwa na ujumbe wa maana kutoka kwa dada yangu zaidi ya ule alionipa, kwa hiyo niliusema kwa sauti mbele ya mwongozo na mpwa wangu, kwamba Moba tunamkumbuka mtu wao. Mwongozo alivua kofia. Aliniomba nimweleze kila nilichosikia kwa wazee, na akaandika kwenye simu yake: pwani, misheni ya mapadre weupe, safari ya meli kwenye Tanganyika. Nilimwambia yaliyo ya hakika na nikamtenganishia yale ya kusikia tu. Kilimani pale mimi nilikuwa na kitu cha kumpa, na yeye alikuwa nacho cha kunipa. Sijui ni jumba gani lingine lingenipa hilo.

Tulirudi Huye gizani.

Alhamisi

Makumbusho ya Huye yalifunguliwa mwaka 1989, zawadi ya Ubelgiji, na yana vyumba saba vya maonyesho. Tuliingia asubuhi mlango ulipofunguliwa. Vikapu, mikuki, ufuaji wa chuma, ngoma, mavazi ya magome. Ni mazuri na yamepangwa kwa akili, na kama ningeyaona kabla ya Rukari ningeelewa zaidi nilichokuwa nikikitazama ndani ya ile nyumba ya majani. Atakayekuja baada yangu kutoka Bukavu, kama basi lake litafika Huye mapema, aanze hapa. Tulikaa saa moja na nusu.

Basi la Kamembe lilichelewa. Msituni tulikuta lori limekwama kwenye kona, tukasimama muda mrefu huku ukungu ukishuka na watu wakishuka kununua mahindi ya kuchoma kwa vijana waliotokea nisipojua wapi. Nilitazama saa mara nyingi. Tulivuka Ruzizi jua linazama, tukapimwa joto, tukanawa.

Nyumbani bibi alikuwa bado macho. Mpwa wangu alianza na ng'ombe, na bibi akamhoji kama hakimu: pembe zinaanzia wapi, shanga za rangi gani, maziwa wanakamua saa ngapi. Nilipofikia Mwima alinyamaza mpaka mwisho.

"Huyo Musinga, Wazungu walimkataza hata kufia kwake?"

"Ndiyo, bibi."

Akatafakari. "Baba yake alitutesa. Lakini mtu afe kwake." Kisha akaagiza nipewe chakula.

Shemeji alitaka kujua kuhusu ukubwa wa nyumba ya matofali. Nilimwambia Lwiro ni kubwa zaidi. Alifurahi, na alistahili, kwa sababu juu ya hesabu ya kilomita hakukosea hata moja.

Ijumaa

Ndoa ya serikali ilikwenda vizuri. Nilisimama mahali pangu, nikatia sahihi nilipoambiwa.

Baada ya hapo, kwenye vinywaji, shangazi wa bibi harusi aliyekuja kutoka Kigali na wanawe kwa gari lao alinijia. Alikuwa amesikia kwamba nimetoka Nyanza. Wao wanarudi Jumapili na watoto wanataka kuona jumba, lakini mume wake anaogopa kupoteza muda. Je, ni lazima?

Kwake yeye jibu ni rahisi kuliko lilivyokuwa kwangu, maana Nyanza iko kwenye njia yake. Gari ni lake, halazimiki kurudi kulala Bukavu, na kutoka Nyanza hadi Kigali ni kama saa mbili. Nilimshauri waondoke hapa mpaka unapofunguliwa, wale chakula cha mchana Huye, wafike Rukari saa nane. Watoto waende kwa ng'ombe kwanza, kabla hawajachoka na maelezo. Nyumba ya matofali wasikawie ndani yake. Saa wanazookoa hapo wazipeleke Mwima.

"Mwima iko nini?" akauliza.

Nilivuta kiti nikaanza na Kamembe.